Maji ya Moto ya Ramadhani

Mjukuu wangu Tedi anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Makanyagio, mjini Mpanda. Mwezi uliopita alinipakia bodaboda kwenda kunionyesha vyumba vyao vipya. Alifungua bafu, akabonyeza kitufe ukutani, taa ndogo nyekundu ikawaka, akaniambia, "Babu, subiri kidogo tu." Nikasubiri. Alipofungua koki, maji yakatoka ya moto. Hakuna kuni, hakuna debe, hakuna mtu aliyetoka jasho. Alitarajia nifurahi. Mimi nilinuna mpaka akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Tumbo lilikuwa salama. Nilikuwa naona wivu. Mzee mzima kukionea wivu kitufe ni aibu, najua, lakini ndivyo nilivyo, na nyie vijana mnaoingia kazi za hoteli afadhali mjue mapema mnamsoma mtu wa namna gani. Wenzangu wakistaafu huandika jinsi walivyokuwa waaminifu. Mimi miaka yangu ya hotelini niliishi kwa vitu viwili, maji ya moto na wivu, na siwezi kusimulia kimoja nikaacha kingine.

Hoteli yetu ilikuwa jirani na stesheni ya Mpanda, nyumba ndefu ya bati yenye vyumba saba na baraza mbele. Ilikuwa mali ya mjane wa Kigiriki tuliyemwita Memsabu Eleni. Miaka ile ya hamsini mji ulikuwa unaishi kwa mgodi wa risasi, yale madini mazito ya kijivu, na garimoshi lilituletea wahandisi, wakaguzi, na wawindaji waliokuwa wakielekea bonde la Rukwa. Hao ndio walikuwa wageni. Sisi weusi hatukulala mle. Tulilala nyuma, kwenye vyumba vya wafanyakazi, na mle ndani tuliingia na trei au na debe.

Mimi niliingia na debe. Nilitoka Usevya, kijana wa kulima mpunga, sijui hata kufunga kifungo cha kanzu, nikapewa kazi ya maji ya kuoga. Kila chumba kilikuwa na bafu dogo lenye beseni kubwa la bati, mtu mzima anakaa ndani na magoti yakachomoza. Nilichemsha maji jikoni, nikayabeba kwa debe begani, nikayamwaga, nikachanganya na ya baridi, nikabisha mlango nikasema, "Maji tayari, bwana." Mtasema hiyo kazi haina ufundi. Ngojeni.

Mpishi wetu, Mzee Feruzi wa Ujiji, ndiye aliyenifundisha. Wiki ya kwanza nilipima maji kwa kidole, na mkaguzi mmoja wa reli akaruka kutoka kwenye beseni akiwa uchi, akanikimbiza na brashi ya mgongo mpaka jikoni. Mzee Feruzi alimpa taulo kwanza, mimi akanipa somo baadaye. Aliniambia kidole cha mtu wa jikoni ni muongo kwa sababu kimezoea moto. Nipime kwa kiwiko, kwa kuwa kiwiko hakijazoea kitu. Tangu siku hiyo nilikunja mkono wa kanzu na kuchovya kiwiko kwenye kila beseni, na sijamchoma mgeni tena kwa debe langu.

Kisha nikajifunza wageni wenyewe. Mtu wa mgodini nilimtazama mikunjo ya shingo. Vumbi likiwa la kijivu hadi chini ya kola, madebe mawili ya moto na moja la baridi, na sabuni ya kufulia badala ya ile ya manukato, maana ya manukato haitoi kitu. Mwindaji aliyetoka porini ameumwa na mbung'o mwili mzima. Huyo ukimpa maji ya moto sana ngozi inamwasha na atakuchukia hadi anaondoka. Mpe vuguvugu na konzi ya chumvi. Mgeni aliyeshuka garimoshini amekaa kutwa kucha, huyo mpe maji ya miguu kwanza pale pale barazani, kabla hajauliza chochote. Hayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwangu, na kwa sababu hiyo wageni walinijua kwa jina. Ilipofika jioni utasikia kutoka vyumba vyote, "Gervasi! Gervasi!" Wenzangu walinionea huruma kwa kelele zile. Mimi nilizipenda kama mtu anavyopenda kuitwa harusini.

Mgeni aliyenipenda kuliko wote ni mhandisi wa mgodi tuliyemwita Bwana Miwani. Alikuja kila mwisho wa wiki kulala chumba namba moja, kwa sababu tu ya kuoga. Alikuwa akisema kule kambini kwao kuna kila kitu ila Gervasi. Maneno hayo nililala nayo.

Ndipo akaja Ramadhani.

Alishuka kwenye garimoshi kutoka Tabora akifuatana na kreti moja kubwa, na ndani yake kulikuwa na friji ya mafuta ya taa. Memsabu alikuwa amemwagiza. Alikuwa Mnyamwezi wa rika langu, mtulivu, kanzu yake haina doa, na alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli kubwa huko kwao. Nilimchukia kabla hajafungua kreti. Alikuwa na kalamu mfukoni.

Friji ile aliisimamisha jikoni akaweka bakuli la maji juu yake, akaangalia kama maji yanaegemea upande, akaweka kijiti chini ya mguu mmoja, akaangalia tena. Alitueleza kwamba friji ya mafuta ikisimama upande haigandishi kitu, na utambi ukitoa moshi pia haigandishi, hivyo utambi ukatwe kila asubuhi kwa mkasi. Siku ya pili akatoa barafu. Jiko zima lilisimama. Mzee Feruzi aliweka kipande mdomoni akacheka peke yake. Mimi nilisema hiyo ni mvua ya mawe tu, kwetu Usevya inaanguka bure. Jioni ile Bwana Miwani alikunywa kinywaji chenye barafu barazani, akatikisa glasi ili aisikie inavyolia, na maji yangu yakapoa chumbani kwa kuwa hakuja upesi kama kawaida yake. Mara yangu ya kwanza kumwaga beseni lisiloguswa ilikuwa siku hiyo.

Kisha zikaja kengele. Alivuta waya kutoka kila chumba hadi jikoni, mwisho wa kila waya kengele ndogo yenye namba. Mgeni akivuta kamba, jikoni inalia, unajua ni nani. Memsabu alifurahi sana kwamba sasa hoteli ina utulivu, hakuna tena mtu anayepiga kelele dirishani. Na ni kweli, kulikuwa kimya. Nilikaa jikoni nikisikiliza ule ukimya. Hakuna aliyeniita Gervasi. Niliitwa na namba nne, namba sita, namba mbili. Siku moja nilikaa makusudi bila kwenda, nikitumaini mgeni atachoka na kamba aite jina. Alikwenda Ramadhani.

Mkiniuliza wivu unafananaje, nitawaambia hauko moyoni kama watu wanavyosema. Wangu ulikuwa masikioni. Nilisikia kila sifa aliyopewa yule mtu hata kama imesemwa kwa sauti ya chini upande wa pili wa nyumba, na zangu, kama zilikuwepo, sikuzisikia.

Lakini friji na kengele ningezimeza. Maji ndiyo yaliyoniua. Alikuwa amekaa miezi miwili hivi alipomwambia Memsabu kwamba kubeba maji kwa debe kumepitwa na wakati. Alilaza pipa la mafuta nyuma ya nyumba juu ya matofali, akalifunga vizuri, chini yake tanuri la kuni. Pipa la pili akaliinua kwenye jukwaa, la maji ya baridi. Akaunganisha paipu: ya baridi iingie chini, ya moto itoke juu iende kwenye mabafu, na koki kila bafu. Kutoka kwenye pipa la moto akapandisha paipu nyingine nyembamba hadi juu ya paa, mdomo wazi, haielekei popote. Mzee Feruzi alimuuliza ile ni ya nini. Akasema ni ya kupumulia. Maji yakichemka mvuke utoke pale, usipopata njia utatafuta njia. Nilikuwepo. Nilisikia vizuri, na naomba mkumbuke kwamba nilisikia.

Siku ile ya kwanza wageni walifungua koki na kufunga, wakafungua tena, kama watoto. Bwana Miwani alitoka bafuni mwekundu kama nyanya, akampa Ramadhani mkono. Mkono. Miaka yote niliyomwogesha hakuwahi kunipa mkono. Na mimi nikapewa kazi mpya: kujaza pipa la juu kwa ndoo na kuchochea moto, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgeni hafiki. Maji yalikuwa bado yanatoka kwenye bega langu, ila sasa hakuna aliyeliona bega.

Ramadhani alifanya na jambo jingine ambalo mwenye akili angelipenda. Paipu ilipobaki kipande, aliivuta hadi kwenye choo chetu cha wafanyakazi, akaweka koki. Kwa mara ya kwanza sisi tuliowaogesha watu maji ya moto tukaweza kuoga ya moto. Mzee Feruzi alioga mara mbili kwa siku, akisema mifupa yake imerudi Ujiji. Mimi sikuoga. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Mpanda asubuhi meno yanagongana, nami nikachota maji ya kisimani, nikajimwagia baridi, nikitetemeka mbele ya koki ya moto ili Ramadhani anione sihitaji kitu chake. Yeye alipita na mkasi wake wa utambi. Mzee Feruzi ndiye aliyesema. Aliniambia, "Gervasi, wivu wako unanuka kuliko samaki wa Karema aliyesahauliwa garini. Oga, mwanangu."

Nami nilikuwa na sababu ya kuvimba iliyozidi wivu wa kawaida. Nafasi ya mkuu wa vyumba ilikuwa wazi, aliyekuwepo amerudi kwao Kigoma. Mkuu wa vyumba alifunga mkanda mwekundu juu ya kanzu na kutembea na funguo zote kiunoni, na yeye ndiye aliyesimama barazani kupokea wageni. Kwa miaka yote niliyobeba debe nilijua mkanda ule ni wangu, zamu tu haijafika. Sasa Memsabu alitangaza kwamba mabwana wakubwa wa mgodi wanatoka Ulaya kutembelea Mpanda, watashukia kwetu pamoja na Bwana Miwani, na baada ya ziara hiyo atamvalisha mkanda aliyestahili. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Ramadhani. Labda alitazama ukuta. Mimi niliona anamtazama Ramadhani.

Kulikuwa na kasoro moja tu katika kazi ya yule mtu, nami niliishikilia kama mlevi anavyoshikilia nguzo. Ile paipu ya kupumulia ilikuwa inapiga miluzi. Moto ukikolea, mvuke ulipita pale ukilia fiii, fiii, jirani kabisa na dirisha la namba moja. Bwana Miwani alilalamika. Memsabu alimwambia Ramadhani aizibe au afanye jambo lolote, mabwana wakubwa wasije wakalala na sauti ya birika. Ramadhani alijibu kwa adabu kwamba hawezi kuiziba, ila garimoshi likileta kipande cha paipu alichoagiza Tabora ataihamishia upande wa pili wa paa. Memsabu hakupenda. Nilimwona akikaza midomo, na nilifurahi hadi nikala ugali bakuli mbili.

Mchana wa siku ya wageni, kipande cha paipu kilikuwa hakijafika. Kila mtu alikuwa na shughuli. Mimi nilikuwa nyuma na moto wangu, na juu ya kichwa changu paipu inapiga miluzi. Nikajiambia maneno ambayo mtu mwenye wivu hujiambia: huyu anasema haizibiki ili aonekane yeye tu ndiye anayejua siri ya pipa lake. Kwetu nyumbani tunaziba vibuyu vya pombe, tunaziba chupa za mafuta, tunaziba kila kitu kwa gunzi la mahindi, na hakuna kilichowahi kutushinda. Nitaiziba mimi, wageni watalala, kesho nitamwendea Memsabu nimwambie ni Gervasi aliyenyamazisha mluzi uliomshinda fundi wa Tabora. Nilichagua gunzi zuri, nikalizungushia kitambaa, nikapanda ngazi, nikaligongomea kwenye mdomo wa paipu kwa kipande cha kuni. Mluzi ukakatika. Nikashuka nimevimba kichwa, nikaongeza kuni, maana wageni walikuwa wengi na nilitaka maji yawe ya moto kweli.

Mabwana walifika jua likiwa bado juu. Walikaa barazani, isipokuwa Bwana Miwani ambaye, kwa kawaida yake, alikwenda moja kwa moja kuoga. Nilikuwa nimeingia na mizigo. Ramadhani alikuwa anapanga glasi za barafu kwenye trei. Memsabu akapita akiwa na furaha, akamgusa bega, akamwambia ahsante, hatimaye umeinyamazisha ile paipu.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa karibu kabisa kusema ni mimi. Sifa ile ilikuwa yangu na alikuwa anapewa yeye tena, na iliniuma kuliko zote za nyuma. Lakini nilimtazama Ramadhani usoni. Alikuwa amesimama akisikiliza. Akaweka trei chini polepole, glasi zisilie, kisha akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Nikamfuata. Mlango wa namba moja ulikuwa wazi, wa bafu umerudishwa tu. Bwana Miwani alikuwa amevaa taulo, ameinama, mkono uko kwenye koki na ameshaanza kuizungusha. Ramadhani alimsukuma kwa bega akamtupa ukutani, na kile kilichotoka kwenye koki kikamkuta yeye. Hayakuwa maji, ulikuwa mvuke, unatema na kufoka na maji yanayochemka ndani yake, na ulimwagika wote kwenye mkono wake wa kulia, kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Gervasi, toa moto." Nilikwenda nikavuta kuni zote chini ya pipa kwa mikono mitupu, na wakati huo nilimsikia juu ya paa. Alikuwa amepanda ngazi kwa mkono mmoja. Paipu ikapumua.

Memsabu alifika, na mabwana nyuma yake. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni. Alimkumbusha Ramadhani kwamba alimuahidi pipa ni salama, na sasa ameifanyia nini ile paipu kuinyamazisha, na Bwana Miwani angekufa. Aliuliza mara mbili: "Umefanya nini na paipu?"

Ramadhani alisimama chini ya ngazi. Mkono wa kulia aliuweka mbali na mwili wake. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa kanzu. Akasema, "Nimekosea, Memsabu."

Nami nilikuwepo. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, mikono imejaa masizi, nikaificha nyuma ya mgongo.

Alifungwa mkono kwenye zahanati ya mgodi. Memsabu hakuwa mtu mbaya. Lakini mabwana wakubwa walikuwa wameona, na alitaka waone pia kwamba amechukua hatua. Siku ya tatu, siku ya garimoshi, Ramadhani alipewa barua na kuondoka. Pipa Memsabu alilibakiza, maana wageni walikuwa wameshazoea. Mimi ndiye niliyebeba sanduku lake hadi stesheni. Mzee Feruzi alinituma, nami sikupata sababu ya kukataa.

Tulisimama pembeni ya behewa. Alitoa kitu mfukoni kwa mkono wa kushoto, kimefungwa na gazeti, akanipa. Nilijua kabla sijafungua. Lilikuwa gunzi, na kitambaa changu bado kiko juu yake, kipande cha kanzu yangu ya zamani.

"Uliligongomea vizuri," akaniambia. "Nililitoa kwa kisu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kulieleza jambo dogo. "Ningesema, angekufukuza wewe. Mimi nikifukuzwa, nikifika Tabora napata kazi. Nina ufundi. Wewe, Gervasi, una debe tu."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli. Laiti angenitemea mate, au kunipiga kwa ule mkono wake mzima, tungekuwa sawa na ningemchukia kwa raha. Alinihurumia. Halafu akanielekeza kazi, kama vile ndiyo kwanza tumeanza: kila asubuhi nipande nipitishe unyasi kwenye ile paipu nione hauzibwi na masizi wala viota vya nyigu, moto nisiulishe kuni za mninga mbichi zinazolia na kupoa, nitumie muyombo mkavu, na koki niifungue mimi mwenyewe kwanza, kila bafu, kabla mgeni hajaigusa.

Garimoshi lilikaa pale muda mrefu likinywa maji. Kutoka stesheni hadi kwa Memsabu ni mwendo wa dakika chache, na mimi nilikuwa na miguu mizuri. Ningekimbia, ningesema, ningerudi kumshusha. Nilisimama na gunzi mkononi nikihesabu mabehewa. Nilikuwa nawaza ule mkanda mwekundu. Nawaambia kwa sababu mmekuja kutafuta mafunzo ya kazi, na hili nalo ni la kazi: nilikuwa na muda wa kutosha, na sikukimbia.

Jioni ile, kabla ya giza, niliingia kwenye choo chetu cha nyuma nikafungua ile koki ya wafanyakazi. Nilichovya kiwiko kwa mazoea. Maji yalikuwa barabara, hayahitaji kuongezwa wala kupunguzwa. Nilioga yote. Yalikuwa mazuri kuliko maji yoyote niliyowahi kumwandalia mtu, na hilo nalo nikamwonea wivu.

Mkanda niliupata. Nilifunga funguo kiunoni, nikasimama barazani, nikawa mkuu wa vyumba kwa miaka mingi. Kila asubuhi nilipanda ngazi na unyasi wangu. Kila bafu nilifungua koki mwenyewe kwanza. Friji nilikata utambi na kuipima kwa bakuli la maji. Wageni wakanisifu, Bwana Miwani naye akaja kunipa mkono siku moja, na kila sifa ilipoingia sikioni ilinipita ikaenda Tabora. Gunzi nililiweka ndani ya sanduku langu la nguo hadi mchwa walipolila, na sikumwonyesha mtu, hata mke wangu.

Ilipita kama miaka miwili tangu Ramadhani aondoke, akaja mkaguzi mmoja wa reli, si yule wa brashi, mzungumzaji, anakijua Kiswahili. Nilimfungulia koki kama kawaida, nikapima, nikampisha. Akacheka. Akasema kule Tabora, hoteli anayolala, yuko mtumishi mmoja anayefanya vile vile. Ana mkono wa kulia uliokunjamana wote, haufunguki vizuri, hivyo anazungusha koki kwa wa kushoto, kisha anampisha mgeni. Pale sasa yeye ndiye mkuu wa kila kitu, na ameweka mapipa manne.

Nilijua inanipasa kushukuru Mungu. Yu hai, ana kazi, mkono haukumzuia. Nilisubiri ile furaha ije, nikiwa nimeshika taulo la mgeni. Kilichokuja ni kile kile, cha siku zote, na mdomo wangu ukakisema kabla sijauzuia.

"Maji yake, bwana. Yanayashinda ya hapa?"

Mkaguzi alikuwa mtu wa heshima. Alifikiri, akaingiza kiwiko chake mwenyewe kwenye beseni, akanitazama.

"Kidogo," akasema. "Kidogo tu, Gervasi."

Nikamkabidhi taulo. Nikatoka nyuma, nikavua mkanda mwekundu nikautundika kwenye msumari, nikapanda ngazi kupitisha unyasi kwenye paipu kwa mara ya pili siku ile. Ilikuwa safi. Nikashuka, nikaongeza kuni.